Mgeni Aliyekunywa Kahawa Kwanza

Siku hizi mjini kwetu, ukiuliza nani alikuwa wa kwanza kuwakatalia wageni, utaonyeshwa karakana ya Dhiyab fundi pampu, pale ukingoni mwa mto Furati, na utaambiwa habari za uzalendo. Uzalendo unapendeza kwenye hotuba. Wivu haupendezi, kwa hiyo umeachwa nje ya hadithi, ingawa ndio uliofanya kazi yote.

Wageni walianza kufika baada ya Wamarekani kuingia Baghdad. Walivuka mpaka wa Syria wawili watatu, wakasema wamekuja kutusaidia kupigana. Tukawapokea. Kwetu mgeni hulishwa kabla ya kuulizwa jina, na hawa hawakuwa na haraka ya kuulizwa. Ulipofika mwaka wa pili, wao ndio waliokuwa wakituambia nani afungue duka na nani asinyoe ndevu.

Aliyemkosesha Dhiyab usingizi ni Mtunisia mmoja aliyejiita Abu Hudhayfa: mrefu, mwenye Kiarabu cha mtangazaji wa redio na meno meupe yaliyopangika. Dhiyab mwenyewe alipigana darajani mwanzoni mwa vita, risasi ikamla nusu ya sikio, na hakuna aliyempelekea hata limau. Mtunisia alikohoa siku moja, mtaa mzima ukampikia supu ya dengu.

"Hata kukohoa anasifiwa," Dhiyab akamwambia mama yake.

"Mwenzio anakohoa kistaarabu. Wewe ukikohoa kuku wanakimbia."

Hayo angeyavumilia. Lakini kulikuwa na Nawfa, mshonaji, binti wa ami yake Haji Mutlak. Kwa desturi yetu, binti wa ami yako akiposwa na mtu wa nje, unayo haki ya kuweka zuio, na posa inafia hapo hapo. Dhiyab aliitunza haki hiyo kama koti la baridi nyuma ya mlango: halivai, wala haliazimi. Kila alipoulizwa mbona hamposi mwenyewe, kwanza alisingizia vikwazo vya uchumi, kisha paa la chumba ambalo halijaisha, kisha uvamizi, ambao angalau haukuwa uwongo.

Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri, mama yake akaja karakanani bila kuvaa viatu.

"Yule wa supu yuko kwa ami yako. Amekuja na wenzake wanne na bunduki zao. Anamtaka Nawfa."

Dhiyab akafika barazani na mikono yenye grisi, akaketi karibu na mlango, penye viatu. Haji Mutlak alikuwa akimimina kahawa mwenyewe. Mtu mwenye ombi kwetu huiweka finjani chini bila kuigusa, mpaka mwenyeji amwambie, "Kunywa, haja yako imekubaliwa." Hilo hata mtoto analijua. Mtunisia akanywa. Akanywa na ya pili, akaisifu iliki, kisha akaitikisa finjani kuonyesha kwamba ametosheka. Wazee waliokuwapo wakatazama zulia ili nyuso zao zisionekane.

"Haji, nimekuja kumposa binti yako," akasema.

"Ulikuja kunywa kahawa, mwanangu. Umekunywa."

Mmoja wa wenye bunduki akahamisha silaha yake kutoka goti hili kwenda lile. Haji akalirudisha birika kwenye sinia.

"Naweka zuio," Dhiyab akasema. "Ni binti wa ami yangu."

Abu Hudhayfa akamgeukia kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Dhiyab kuliko bunduki. "Hiyo ni desturi ya kijahiliya, ya kabla ya Mtume, ndugu yangu. Sheria ya dini haiitambui."

"Ami yangu anaitambua."

"Basi muoe wewe. Leo. Ama sivyo, ondoka njiani."

Wivu huona hatua moja tu mbele. Dhiyab alikuwa amefika mwisho wa hatua hiyo. Akapokea finjani kutoka kwa ami yake, akaiweka juu ya zulia, hakuigusa tena.

Haji hakusema "kunywa". Akageuza kichwa kuelekea pazia la chumba cha wanawake. "Nawfa, umesikia?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mwulize, baba, alikuwa wapi miaka yote hii."

"Nilikuwa najenga paa," Dhiyab akasema.

"Limekwisha?"

"Bado."

"Na mgeni asingekuja?"

Dhiyab akaitazama kahawa yake. Ilikuwa imeacha kutoa mvuke.

"Nikimkataa huyu nachukuliwa na yule," Nawfa akasema. "Haya, baba, mwambie anywe. Ikiwa imepoa, atajua mwenyewe."

Akainywa baridi. Kadhi akaitwa kabla ya magharibi.

Juma lilelile wageni wakailipua karakana ya Dhiyab. Kabila zima likachukulia kwamba ni nyumba ya Haji iliyotukanwa, na wanaume waliokuwa wakitazama chini kila wageni wakipita wakaanza kutazama mbele. Haikuchukua muda mrefu wageni wakafukuzwa mjini kwa bunduki zilezile tulizokuwa tumewaazima, tukawanyang'anya.

Kuhusu Mtunisia, wengine husema aliuawa karibu na mpaka, wengine kwamba ana mke na watoto mahali fulani. Dhiyab huisadiki habari ya kwanza.

Paa sasa limekwisha. Juzi nilikuwa kwao, Nawfa akaleta supu ya dengu, kisha akarudi kwenye ushonaji wake.

"Nisingekuja siku ile," Dhiyab akamwuliza, "ungemkubali?"

"Kula, baba watoto."

"Nauliza tu."

Nawfa akakata uzi kwa meno. "Alikuwa na meno mazuri," akasema.

Dhiyab, aliyebakiwa na meno ya chini tu, akaitafuna supu yake kwa muda mrefu.