Simu Iliyoshika Vizuri Mno

Kaka yangu alipokwenda kusoma ng'ambo, alibeba namba moja tu ya simu: ya senje, dada yake baba, aliyekuwa muuguzi Kakamega mjini. Mwanzoni alipiga mara kadhaa, kisha kimya. Mama alikuwa na maelezo yake, na hakutaka kusikia mengine.

"Anapiganga mchana," aliniambia. "Na mchana senje yako ako kazini. Simu inalia tu kwa nyumba bure."

Nami nikaamini, kwa kuwa nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilisikia kwamba kumetokea simu zisizo na waya za masafa marefu. Kitako chake kinaunganishwa na laini ya mjini, mkonga unakaa kwenu kijijini, na simu ikilia kule inalia na huku, hata kama kule hakuna mtu.

Dukani zilikuwa mbili. Ndogo ilikuwa na antena fupi ya kuvuta, na fundi hakunificha.

"Siku ya jua mtasikizana, mwalimu. Kukinyesha, hakuna kitu. Kwenu Buyangu msitu umeziba."

Kubwa ilitaka antena mbili za nje, moja juu ya paa la senje, nyingine kwetu, pamoja na betri ya gari. Nikaitaka hiyo. Nilimsumbua sana yule fundi: nilikataa waya mwembamba, nikakataa mlingoti wa mti, nikadai bomba la chuma. Nilimwambia sitaki simu ya kubahatisha. Akiba yangu yote iliishia pale na sikujali, maana nilijiona mtoto wa maana.

Tulipomaliza kufunga, fundi alirudi mjini akatupigia. Sauti yake ilikuja karibu kama ya mtu aliye jikoni. Mama akamuuliza kama amekula, tukacheka wote wawili. Sikumbuki kama tulicheka tena mwaka ule.

Tangu hapo mama alihamishia kiti chake kando ya simu. Alichambua kunde hapo, akala hapo, na Jumapili akaacha kwenda kanisani. Simu ililia mara nyingi, na kila mara alijipangusa mikono kwanza, kisha akainua. Walikuwa wenzake senje wa hospitalini, au watu waliokosea namba. Alikuwa akiwajibu kwa adabu.

"Inashika?" alikuwa akiniuliza nikiingia.

"Inashika, mama."

Ikaja mvua kubwa ya huku kwetu, ile ya alasiri inayopiga mabati hadi watu wanyamaze. Niliinua mkonga nikiomba nisikie mikwaruzo tu, chochote cha kulaumu. Laini ilikuwa safi kabisa. Niliichukia ile simu siku hiyo, nikajichukia na mimi. Mama naye hakuuliza tena kama inashika.

Jioni moja nilitoka shule nikakuta kiti kimerudi jikoni. Mama alikuwa akisonga obusuma, amenipa mgongo. Nikamuuliza kama betri imeisha.

"Betri iko sawa," akasema. "Kila kitu iko sawa."

Akaendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, akaufunika.

"Ungechukua tu ile ndogo," akasema.