Chiriku wa Sanduku la Tatu

Akuam alikuwa amewahi kulea mbuzi waliofiwa na mama zao, lakini kulea ndege alikutana nako ukubwani, katika kituo kidogo cha utafiti kando ya barabara ya Gotu. Kila asubuhi alitoka kwake, mtaa wa Chechelesi, akafika, akaponda mtama na yai la kuchemsha, akawalisha makinda ya chiriku kwa bomba la sindano. Wengi wao walikaa barazani, karibu na madume walioimba kutwa. Wawili walitengwa, kila mmoja ndani ya sanduku lililojazwa sponji nene ili sauti isiingie.

Mwajiri wake, Daktari Kiambi, alikuwa amemweleza sababu.

"Kinda akianza kukua, ile sehemu ya ubongo inayoshika wimbo inajijenga. Seli mpya zinazaliwa, zinatafutana, zinaungana. Akisikia wakubwa wakiimba, zinaungana kufuata ule wimbo. Asiposikia, tunataka kujua ubongo utafanya nini."

"Na wakati huo ukipita, Daktari?"

"Ukipita, hata umwimbie mwaka mzima, hashiki tena vizuri."

Maneno hayo yalimkaa Akuam rohoni. Sanduku la kwanza lilikuwa tupu; kinda wa sanduku la pili alikula akalala, hana neno. Wa sanduku la tatu ndiye aliyemsumbua. Kila mlango ulipofunguliwa alinyoosha shingo, akatulia tuli kama mtu anayesubiri kuitwa. Asubuhi moja, wakati wa kusafisha, Akuam alimtia katika kitundu kidogo, akamweka barazani. Alijiambia ni kwa muda wa kusafisha tu. Kesho yake akamtoa tena, na keshokutwa, hadi ikawa mazoea.

Guyo, mlinzi wa lango, alimwona, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Ekitela, daktari anajua hii maneno?"

"Namwoshea tu sanduku."

"Haya," alisema Guyo, lakini hakuondoka haraka.

Tangu siku hiyo Akuam hakuwa na amani. Pikipiki ikisimama langoni, alikimbia kuchungulia kama ni daktari. Aliacha kumtoa yule ndege, ila alikuwa amechelewa. Kinda alishaanza kunong'ona peke yake, vipande vipande, kama mtoto anayejaribu maneno: mluzi mmoja, kimya, miluzi miwili, kisha mtetemo mfupi. Ulikuwa wimbo wa dume mzee wa barazani. Akuam alifunga mlango wa sanduku, akausukuma kwa kiganja, kana kwamba angeweza kuurudisha wimbo ndani.

Kiambi alifika kutoka Nairobi kurekodi sauti kabla ya kuwapeleka ndege wale wawili wakapigwe picha za ubongo. Alivaa spika za masikioni, akakaa mbele ya sanduku la tatu. Akuam alisimama nyuma yake, bomba mkononi, uji wa mtama ukimdondokea kwenye kiatu.

Kiambi alivua spika polepole.

"Huyu ametoa wapi wimbo?"

Kabla Akuam hajajibu, daktari alishaanza kubonyeza sponji na kukagua kingo za mlango.

"Ni Liban. Nilimwambia azibe kila mahali. Huyo fundi hatashika kazi hapa tena!" Akatoa simu.

Akuam alimjua Liban, fundi mpole wa Bulla Pesa, na sanduku aliloliunda lilikuwa zima.

"Usimpigie, Daktari. Ni mimi. Nilikuwa namtoa nje, akae na wenzake."

"Umemtoa? Mara ngapi?"

"Nyingi."

Kiambi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Miezi yote hii, Mama Ekitela. Umeniharibia."

"Nilimwona akitega sikio. Sikuweza."

Kiambi hakumfukuza, kwa kuwa ndege wa pili alikuwa ameshazoea mkono wake. Lakini alimnyang'anya ufunguo wa masanduku, akampa Guyo, na kuanzia hapo Akuam alilisha Guyo akiwa amesimama kando. Chiriku wa tatu alitolewa kwenye utafiti, akawekwa barazani, akaimba na wakubwa.

Wa sanduku la pili naye alianza kuimba. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ikipanda na kukatika bila kufika popote. Kiambi aliirekodi kwa furaha. Ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Akuam alimlisha huku amegeuza uso, na kila mkwaruzo ulimchoma.

Siku ya safari ya kwenda kupigwa picha, kitundu cha ndege wa pili kikiwa kimeshafunikwa shuka na kutiwa garini, Akuam alisogea kwenye dirisha la gari.

"Akirudi kutoka kupigwa picha, Daktari, utamweka na wengine?"

"Tutaona."

"Lakini wakati wake haujaisha?"

Kiambi aliwasha gari. "Sijui. Labda umeisha."

Gari likatoka. Akuam alibaki langoni hadi Guyo alipomwita mara ya pili, kwamba makinda walio barazani wanalia njaa.