Wanawake Kumi na Mmoja wa Pamba

Nilianza kazi yangu sakafuni, chini ya cherehani ya baba. Baba alikuwa fundi wa nguo hapa Kasongo, baraza yake ikitazama njia ya msikiti, na vipande vyote alivyokata vilinidondokea mimi. Wakati ule wa Wabelgiji hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ilikuwa sanaa. Mama aliviita uchafu. Kila alipochukua ufagio, mimi nilikuwa nimekwisha kuviokota.

Vipande nilivyovipenda zaidi vilikuwa vya wanawake wa huko Wamaza, kwao mama. Walikuja kumi na mmoja kila msimu kuleta pamba, maana kila nyumba ililazimishwa kuilima, utake usitake. Walitembea na vikapu mgongoni, kamba ya kikapu ikipita kwenye paji la uso. Wakishatua mizigo, walimwachia baba vikwembe vyao, zile nguo za kujifunga, awashonee. Kikwembe kiliondoka, kipande kikabaki kwangu. Nilijua kila kipande ni cha nani. Cha buluu chenye samaki kilikuwa cha mama mdogo, yule anayemfuata mama kuzaliwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilichukua mkeka mpana, nikaanza kushona juu yake. Njia ya Wamaza niliifanya kwa udongo mwekundu uliochanganywa na ulimbo wa mti. Wanawake kumi na mmoja niliwashona mmoja mmoja, kila mmoja kwa kipande cha nguo yake mwenyewe. Mgongoni niliwafungia vikapu vidogo, ndani nikatia pamba pamoja na mbegu zake. Pamba iliyosafishwa ni nyepesi, unaweza kuipuliza ikaruka. Yenye mbegu ina uzito. Nilipousimamisha mkeka ukutani, uzito ule ukavuta nguo, na wanawake wangu wakainama wenyewe. Sikuwainamisha mimi. Nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu penseli ya shule isingenipa kitu kile hata ningechora mwaka mzima.

Nyuso sikuwapa. Baba hakutaka sura za watu nyumbani mwake, nami nilimtii. Lakini nilikuwa na sababu yangu pia: mtu aliyebeba kikapu kile huoni uso wake, unaona mgongo.

Siku moja Mzungu wa pamba, yule aliyesimamia mashamba yote ya upande wa Kabambare, ya Wamaza yakiwemo, alikuja kuchukua kaputula yake. Akauona mkeka.

“Nani ilifanya hii?”

Baba akasimama. “Ni mutoto yangu, Bwana.”

“Ni muzuri sana. Siku ya soko ya pamba tutaitundika mu hangari. Wakubwa watakuja kuiona.” Akausogelea, akakunja uso. “Lakini Muzungu iko wapi? Nani iliwafundisha kulima? Weka Muzungu. Weka yeye mbele.”

Alipoondoka, baba alinigeukia. “Mama,” akaniambia, kwa maana baba wa kwetu humwita binti yake mama anapomwomba jambo, “umuweke tu. Usituletee matata.”

Siku mbili sikugusa sindano kwa hasira. Mtu yule hakuwahi kutembea mbele ya wanawake wale hata hatua moja. Siku ya tatu nikakumbuka jinsi alivyokwenda Wamaza hasa: kwa kipoi, kile kiti cha miti kinachobebwa na wanaume mabegani. Nikakata kopo la sardini, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, nikatengeneza Mzungu mdogo mwenye kofia. Nikamketisha kwenye kipoi, mbele kabisa, kama alivyotaka. Wabebaji wanne niliwakata kwenye gunia kuukuu la pamba. Nyuma ya bati nilishonea vijiwe, miti ya kipoi ikapinda.

Asubuhi ya soko baba hakula kitu. Hangari, lile banda kubwa la pamba, ilijaa. Mzungu wa pamba alipojiona anang'aa vile, aliwaita wageni wake kwa sauti, akajigusa kifua, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Ndipo wanawake wa Wamaza walipoingia. Wakatua vikapu, wakatazama. Mama mdogo akasogea, akaishika nguo ya buluu kwa vidole viwili.

“Uyu ni miye,” akasema. “Hii nguo ni yangu. Na mugongo yangu iko vile vile.”

“Na miye uyu!” mwingine akapaza sauti.

Wakajitafuta, wakajipata, wote kumi na mmoja. Kisha mama mdogo akaona kipoi. Mume wake alikuwa mmoja wa wabebaji. Akaitazama ile miti iliyopinda, akamtazama Mzungu wa bati, akanitazama mimi, akapiga kigelegele ambacho sijasikia mfano wake tena. Wenzake wakakipokea mpaka mabati ya paa yakaitika. Wazungu nao wakapiga makofi, wakidhani wanashangiliwa.

Tangu siku hiyo sijawahi kuogopa kwamba kazi yangu haitaeleweka. Niliowafanyia walielewa.

Mkubwa mmoja alitaka kuubeba mkeka mpaka Ulaya. Nilijibu mwenyewe: “Bwana, hizi nguo si zangu. Uliza wenyewe.”

Wenyewe walikuwa wamekwisha kufungua kamba zilizoutundika mkeka. Mzungu wa pamba akacheka, akasema msichana atafanya mwingine. Nilifanya kweli. Nilimshona Mzungu mwingine wa bati, peke yake, juu ya kitambaa cheupe, bila njia wala watu, na Mzungu wa pamba akaridhika kabisa.

Wanawake wakaukunja mkeka wao wakashika njia ya Wamaza, wakiimba kwa Kibangubangu, lugha yao. Baba alifunga cherehani mchana ule, akatembea pamoja nami nyuma yao mpaka mwisho wa mji.

“Kesho,” akasema, “nitamuita seremala. Na weye unahitaji meza yako.”