Sahani ya Shukrani

Wateja walimwita Fundi, ndugu zake wakamwita Dada Mkubwa, na jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi, mwanamke ambaye pini alizibana midomoni na maneno akayameza.

Kila mwaka familia yao ilikuwa na siku ya shukrani. Baba yao marehemu ndiye aliyeianzisha, na sharti lake halikuguswa: kila mtu anasimama, anamtaja mmoja anayemshukuru, kisha anampakulia chakula kwa mkono wake mwenyewe na kumpelekea alipokaa. Sahani ya shukrani hairudi sufuriani wala haimwagwi. Lazima iliwe.

Desturi nzuri, nani atakataa? Ila chakula hicho hakijipiki, na mpishi miaka yote alikuwa yeye. Shukrani zikigawanywa sebuleni, yeye yuko jikoni na moshi wake. Wake walishukuriwa, mashemeji walishukuriwa, hata mlinzi wa geti mwaka mmoja alipata paja la kuku. Dada Mkubwa alikula ukoko amesimama, na mtu akiuliza mbona haketi, kaka anayemfuata alijibu kwa kicheko kwamba dada ni wa humu humu ndani, ashukuriwe ya nini.

Mwaka huu akasema basi. Aliwahi kuamka, akapika kila kitu, akafunika masufuria, akaoga, akavaa gauni alilojishonea, akaja kuketi katikati ya meza. Tuseme ukweli tu: alitaka kupakuliwa. Mara moja tu kabla hajafa, na apakuliwe na kitindamimba.

Maana huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki kitoto hakijaota jino, na yeye akaacha shule, akakibeba mgongoni huku akikanyaga cherehani. Leo kitoto chenyewe ni mwalimu mkuu, na kitambi juu.

Zamu yake ilipofika, Mwalimu alisimama, akakohoa kidogo, akasema anamshukuru mwanamke aliyekesha kwa ajili yake na kujinyima ili yeye ale. Fundi akainamisha kichwa. Mwalimu akapakua wali, akachagua nyama, akamwagia mchuzi taratibu, akaizunguka meza. Akampita. Sahani akaiweka juu ya kabati, mbele ya picha ya mama.

Watu wakapangusa machozi. Shemeji mmoja akasema hajawahi kusikia maneno mazito kama yale. Fundi alikuwa amekauka kitini. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, na chakula cha mezani hakukigusa.

Wenzake walipomaliza kula, sahani ya kwenye kabati ilikuwa bado imejaa. Sharti ni sharti. Mwalimu akaichukua, akaisogeza mbele ya dada yake kwa upole.

"Dada, hebu kula wewe kwa niaba ya mama. Isije ikamwagwa bure."

Miaka yote alikuwa akiyameza maneno, leo yakamkwama.

"Mama hakukulea," alisema. "Alikufa huna hata jino. Uliyekuwa ukimkojolea mgongoni ni mimi."

Kaka mtu akatazama dari. Mwalimu akatabasamu, tabasamu lile analowapa wazazi wakorofi ofisini kwake.

"Najua, dada. Si ndiyo maana sahani yake nimekupa wewe?"

Watu wakashusha pumzi, wakacheka, maongezi yakarudi palepale yalipokuwa. Fundi akautazama ule wali, mafuta ya mchuzi yameshaganda juu yake. Alitamani kuisukuma ile sahani ivunjike chini. Lakini tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani, alikuwa akisubiri kupakuliwa, na njaa haina aibu. Akaivuta. Akala yote, machozi yakimdondokea humo humo, na wifi yake alipoyaona akamshika bega akamwambia, pole wifi, mama hasahauliki.