Tumekuja Kuwaangalieni Tu

Asubuhi ile, pale Ibra, mji wa Waarabu tunakoishi, mama alituagiza neno moja: tusirudi bila dada yangu. Chumba alikwisha kukitandika, shuka mpya, udi umefukizwa, na kitambaa cha kumfungia mzazi tumbo kimekunjwa juu ya mto. Yeye miguu yake haiwezi safari za mawe, kwa hiyo tukenda wawili, mimi na baba.

Dada yangu kaolewa mlimani, kaskazini ya Ibra, kijiji ambacho lami inakwisha mbali kabla hujakifikia. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na kwetu sisi watu tuliotoka Unguja, mimba ya kwanza mtoto wa kike hurudi akazae kwa mamake. Mumewe anafanya kazi Sur na huja kwao Alhamisi. Alipoombwa ruhusa alisema hayo si maneno yake, ni ya babake. Basi ilikuwa lazima baba yangu amwombe mzee mwenziwe, uso kwa uso. Na dada alikuwa anaogopa. Wakati wa joto mvua za alasiri huanguka ghafla juu ya majabali, wadi, lile bonde kavu la mto, inajaa maji, na njia ya kushuka ni ile ile moja inayopita ndani ya wadi. Alinambia kwenye simu, "Mie sitaki uchungu unishike, na maji yako mbele yangu."

Pamoja na hayo yote, mimi nilitoka nyumbani nikiimba. Kazi yangu kubadilisha matairi dukani, shule niliishia pale iliponiishia, na tangu mdogo naota siku moja nitapeleka wageni milimani, niwaoneshe nyota. Gari nililiazima kwa rafiki, kubwa, la kupandia mawe. Lami ilipokwisha nilihisi kama nimefunguliwa kamba.

Lakini ile njia haina masihara. Mawe matupu, migunga mmoja mmoja, punda wasio na mwenyewe wamesimama kwenye kivuli chembamba cha mwamba. Mtu hata mmoja hatukumwona. Kwenye mwinuko mkali ilibidi nizime kiyoyozi ili injini isichemke, tukafungua madirisha, upepo ukaingia kama umefunua tanuri la mikate. Baba alipakata kikapu cha visheti vya mama, midomo inacheza. Alikuwa anajipangia Kiarabu. Cha sokoni anacho cha kutosha, cha kumwombea binti yake ruhusa ndicho kilichomtoa jasho.

"Baba, unahifadhi khutba?"

"Nyamaza wee, tazama njia. Ukinipindua hapa hata kunguru hatajua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoa kichwa dirishani akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu.

Tulipofika, mzee wa nyumba, babake shemeji, alitupokea vizuri, nisimsingizie. Alitoka mpaka kwenye gari, akamshika baba mkono, akamwingiza barazani, kwenye majlisi. Walikuwapo na majirani wamekaa kwenye zulia. Tende mpya za msimu zikaja, halwa, kisha kahawa, na mzee mwenyewe akimimina.

Watu wa kule wana desturi ambayo sisi hatukuijua. Mgeni mwenye ombi hupokea kikombe, asikinywe, akakiweka chini mbele yake. Mwenyeji hapo humuuliza haja yake, na kama anaiweza humpa. Baba alipokea kikombe akakiweka chini. Alikuwa anatafuta leso ajifute jasho, hilo tu.

Majlisi nzima ikageukia kikombe kile. Mzee akasimama na buli lake mkononi.

"Una haja, ndugu yangu?" aliuliza kwa Kiarabu, polepole, ili baba amfahamu. "Sema."

Lilikuwa lile lile tulilolipandia mlima, limeletwa kwenye sahani. Na baba yangu, alivyolelewa, akaweka mkono kifuani akatabasamu.

"Hapana, hapana. Hatuna haja yoyote. Tumekuja kuwaangalieni tu."

Kwetu mtu akiulizwa mara ya kwanza hakubali. Ukikubali mara moja utaonekana umekuja kwa shida yako, salamu zako za uongo. Mwenyeji hukuhimiza, "Aa, sema bwana," nawe unakataa kidogo, akuhimize tena, na neno lenyewe hutoka ushavaa viatu. Ndivyo tulivyo. Mzee yule hakuhimiza. Uso ulimkunjuka, akasema, "Alhamdulillahi," wale majirani nao wakaitikia, kikombe kikanyweka.

Tukala wali na nyama ya mbuzi. Baba hakula. Kila mzee akifungua kinywa, baba alimwinulia macho, na mzee alikuwa anaongea habari ya mitende. Nilimsogelea.

"Baba, sema basi."

"Ataniuliza."

"Hakuulizi tena huyu."

"Mwanangu, mambo ya ukwe hayapigiwi honi."

Baada ya sala ya alasiri mzee aliondoka. Zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba ya kijiji, ilikuwa imefika, na maji hayamngoji mtu. Tukatoka nje. Juu ya jabali wingu lilikuwa limeshapanda, jeusi kwa chini. Dada alikuja garini kwa upole, mkono mmoja tumboni, mwingine umebeba begi.

"Shikamoo baba. Twende?"

Baba akatazama lile begi. "Bado sijamwambia."

"Bado vipi?" Tulikuwa tunasema Kiswahili, pale haelewi mtu, lakini alishusha sauti. "Mama mkwe kaja ndani anafurahi, kanibusu. Kasema, baba yako kaulizwa mbele ya watu, kasema hana haja. Kwao wao, umeridhika nizae hapa."

"Mie nimesema vile kwa adabu!"

"Wao wamesikia ulichosema, baba."

Sijapata kumwona baba yangu vile. Ni mtu asiyegombana hata na muuza samaki. Alisimama kwenye jua, mkono juu ya mlango wa gari, kisha akageuka akashuka mitendeni, nami nyuma yake. Mzee alikuwa ndani ya maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, anaziba mfereji kwa udongo na matambara ili maji yageukie shambani kwake. Baba akamwambia pale pale, Kiarabu kimemvunjika chote, hata salamu hakutanguliza.

"Nina haja. Namtaka binti yangu akazae kwa mamake."

Mzee aliinuka. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Sisi tukiulizwa mara moja tunaona haya."

"Mwenye haja haoni haya." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ushajibu mbele ya watu, mke wangu kashaanza kutayarisha. Nitengue jioni neno la mchana? Mwanangu anakuja Alhamisi. Tutazungumza naye akiwepo."

Baba akatazama wingu. Akamtazama mzee.

"Basi sisi hatushuki. Tutakaa mpaka Alhamisi."

"Nyumba yenu," mzee akasema, akainama tena kwenye maji yake.

Tulivyorudi, baba alimpokonya dada begi akalirudisha ndani mwenyewe. Dada alijifuta macho kwa ncha ya shela.

"Hata nguo ya kulalia hukuchukua, baba."

"Nitalala na kanzu. Kwani nani kaniona?"

Mvua haikutufikia. Ilinyesha juu, kwenye majabali. Sisi tuliisikia wadi tu, mngurumo wa mawe yanayosukumana. Nilipanda nyuma ya nyumba, mahali dada aliponionesha kuwa simu inashika. Kutoka pale niliiona njia tuliyokuja nayo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamepita juu yake, upande hadi upande.

Mama alipokea mlio wa kwanza.

"Mko wapi? Mmefika kwenye lami?"

"Hatujashuka, mama. Wadi imejaa."

"Na yeye?"

"Mzima. Yuko ndani, baba kamkalia mlangoni kama askari."

Nilisikia feni ya kile chumba alichokitandika ikizunguka.

"Mtoto akitaka kuja leo, mtafanya nini?"

Nilitazama maji nikitafuta pahala pembamba, gari lile linaweza kupita wapi. Sikuona.

"Sijui, mama," nikasema. "Mwombe Mungu asitake leo."