Mashine ya Kahawa Iliyonuka Moshi wa Kibuyu

Mimi nilizaliwa Issenye nikaolewa Tarime, katika miaka ya hamsini, na sifa iliyonitangulia huko ilikuwa moja tu: binti huyu ni msafi. Misheni walinifundisha kupiga pasi na kufuma vitambaa, mama yangu alinifundisha kutunza vibuyu vya maziwa, na wazee waliokuja kuniposa waliambiwa hayo yote kabla hawajauona uso wangu. Nayasema mapema ili mnielewe. Mtu mwenye sifa moja huilinda kwa meno, na mimi nililinda yangu kwa kumwacha mama mkwe wangu abebe kosa ambalo lilikuwa langu.

Tulikaa Nyamisangura, nyumba ya vyumba viwili yenye bati. Mume wangu alikuwa karani kwenye chama cha wakulima wa kahawa. Kule kwao milimani kila boma lilikuwa na kahawa yake, lakini wa kuinywa hakuna. Tuliichuma, tukaimenya, tukaianika, ikaingia kwenye magunia ikaenda zake kwa wenyewe. Sisi tulikunywa uji na maziwa ya mgando, na chai siku za wageni.

Aliyetuletea mashine ni fundi mmoja Mtaliano, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka akitengeneza mashine za kumenyea kahawa. Mume wangu alikuwa akimfasiria kwa wakulima, wakazoeana mpaka wakawa wanataniana kama shemeji. Alipokaribia kurudi kwao alikuja na boksi, akasema ni aibu kubwa watu wanaolima kahawa kutoijua ladha yake. Akaitoa. Nilitegemea chombo kikubwa chenye magurudumu. Kumbe haikuzidi birika la chai. Ilikuwa na pande mbili za chuma cheupe zinazofungwa kwa kuzungushwa, na katikati yake kichujio chenye matundu madogo kuliko ncha ya sindano, na mpira mwembamba wa kuzuia maji yasitoke. Maji hukaa chini, kahawa katikati, moto ukiwaka maji yanasukumwa juu yakiwa yamekwisha kuwa kahawa.

Akatufundisha mezani mchana mmoja, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Maji mpaka hapa. Kahawa usiishindilie. Ubavuni palikuwa na kitundu chenye kichuma kidogo, akakigusa kwa kidole. "Hii pua yake," akasema. "Pua ikiziba, yeye anapasuka." Halafu usafi: maji matupu na mkono, sabuni hapana, jivu hapana, kila ukimaliza ifungue, ioshe, iache ikauke ikiwa wazi. Akanigeukia. "Umeelewa, mama?"

Nikajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba wakati anaeleza habari ya kuosha mimi nilikuwa naitazama soksi yake, ilikuwa na tundu kisiginoni, nikawa nawaza mwanamume mzima hivi hana wa kumshonea. Na isitoshe, mimi wa kufundishwa kuosha vyombo na mwanamume? Niliona kama ananitania.

Basi nikajifunza. Kahawa ya kwanza niliishindilia kwa kijiko, mashine ikanguruma na kutoa matone machache meusi kama lami. Ya pili nilisahau maji kabisa. Tulikaanga kahawa wenyewe kwenye kikaango, nikaitwanga kwenye kinu, na mwanzoni niliitwanga ikawa unga kama wa ulezi, ikaziba matundu, nikakaa asubuhi nzima nayatoboa kwa mwiba. Lakini mwezi ulipokwisha nilikuwa nimeiweza. Nikiwasha jiko la pampu, nikiiweka juu, naijua kwa sauti tu kwamba sasa inapanda. Mume wangu alikunywa kikombe kimoja asubuhi akiwa amekunja nne, akienda kazini anatembea kama mkubwa wa wilaya. Na mimi nikavimba kichwa. Wanawake wa jirani walikuja kuiona, wakionja wanakunja uso, wanasema ni dawa ya minyoo, lakini kesho yake wamerudi.

Ndipo mume wangu akaenda Sirari kwa shughuli za chama, siku nane. Siku aliyoondoka niliwapikia wanawake wale kahawa, tukaongea, tukacheka, na walipoondoka sikuifungua wala kuiosha. Niliifuta nje tu ikang'aa, nikaiweka juu ya kabati kwenye kitambaa changu cha kufuma, ili anayepita mlangoni aione. Ikakaa hapo na makapi yake tumboni, na maji yake, imefungwa.

Katikati ya juma hilo alikuja mama mkwe wangu, ameshuka kutoka milimani kwa miguu, kibuyu cha maziwa mgongoni na kitita kidogo cha vijiti mkononi. Vijiti vile ni vya mti tunaofukizia vibuyu. Asiyejua nimweleze: kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachoma ncha ya kijiti mpaka inakuwa kaa jekundu, unaiingiza ndani ya kibuyu, unaisugua ukutani kote, unaziba mdomo moshi ubaki ndani, kisha unakung'uta ule unga mweusi. Harufu mbaya inakufa, na maziwa yanapata utamu wa moshi. Kwetu Issenye tunafanya hivyo, na kwao Tarime hivyo hivyo. Yeye alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Aliniita mokamona, yaani mke wa mwana, na hakuwahi kuniita kwa sauti ya juu.

Mume wangu alirudi Alhamisi akiwa na habari. Bwana shamba mkubwa, Mzungu, angepita nyumbani Jumamosi mchana. Chama kilitaka kumpeleka karani mmoja Moshi akasomee kupima ubora wa kahawa, na huyo ndiye wa kusema nani aende. "Nimemwambia atakunywa kahawa ya hapa hapa, iliyopikwa na mke wangu," akasema. "Amefurahi mno."

Ijumaa alipokwenda kazini nikaishusha mashine. Nilipoizungusha na kuifungua, harufu ikanipiga puani. Makapi yameota ukungu wa kijani wenye manyoya, na mpaka kwenye maji ya chini kulikuwa na utando. Nikaosha kwa maji, harufu ipo. Nikaosha kwa maji ya moto, ipo vile vile. Nikapika kahawa ili kujaribu, ikanuka kama gunia lililolowa mvua. Ningemwambia nini mume wangu? Kwamba mke msafi aliyetolewa ng'ombe na wazee wake ameozesha chombo cha mgeni kwa sababu ya kujionyesha kwa majirani?

Mama mkwe alikuwa ameenda kisimani. Kitita chake cha vijiti kilikuwa kimeegemea ukutani, vijiti vitatu. Nikachukua kimoja.

Sikufikiri mara mbili, maana mikono yangu iliijua kazi ile tangu utotoni. Nilichoma ncha, nikaiingiza kwenye tumbo la mashine, nikasugua pande zote, nikafunika kwa kiganja moshi ukae. Nikafanya hivyo kwenye kichujio, nikafanya hivyo kwenye mdomo wa juu. Mpira sikuutoa. Nikakung'uta, nikasuuza, nikanusa: harufu mbaya imekwisha kabisa. Nikajipongeza. Kipande cha kijiti kile kilichobaki nikakitia motoni kikaisha, na mama mkwe aliporudi na maji nikamkaribisha uji.

Jumamosi bwana shamba alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Mume wangu alitaka aione mashine ikifanya kazi kwa macho yake, kwa hiyo jiko la pampu likawekwa kwenye meza ndogo sebuleni. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na meza hiyo, amejifunga shuka yake safi. Nikawasha. Tukangoja. Kwa kawaida, kabla mtu hajamaliza kusalimia, sauti inakuwa imeanza. Siku ile ilikuwa kimya. Jiko linanguruma, mashine haisemi kitu. Mume wangu akaniangalia mara ya kwanza, akaniangalia mara ya pili. Kisha mashine ikaanza kutikisika.

Nilijua. Mle ndani ya kifua changu nilijua saa ile ile kwamba unga wa mkaa umeziba matundu ya kichujio, na umeziba ile pua. Ningeweza kusema, zimeni moto, tokeni. Lakini kusema hivyo ni kueleza kwa nini, na mdomo ukawa mzito. Mama mkwe, ambaye hajawahi kugusa kitu kile, ndiye aliyeona kwamba kitaanguka. Akainuka, akanyoosha mkono akakishika mpini ili akiondoe motoni.

Mpira ukakatika. Mvuke na maji meusi yakatoka ubavuni kwa nguvu, mengine yakaruka kwenye shati la mgeni, mengi yakammwagikia mama mkwe mkononi, kuanzia kiwiko mpaka kwenye kiganja. Hakupiga kelele. Alikaa tena kwenye kigoda chake akaushika ule mkono kwa mkono mwingine. Na chumba kizima kikajaa harufu ambayo mtoto yeyote wa kule angeitambua hata akiwa usingizini. Ilikuwa harufu ya kibuyu kilichofukizwa.

Mume wangu akainusa. Akageuka, akakitazama kitita cha vijiti kule ukutani, akamtazama mama yake. Akasema kwa Kikurya, polepole, akitabasamu ili mgeni asijue kwamba amekasirika: "Mama, nilikuambia vitu vya humu ndani usiviguse. Hiki ni kibuyu?"

Mama mkwe alinitazama mimi. Si kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni upite kwanza. Nilikuwa nimeshika kitambaa. Nikainama nikaanza kufuta sakafu.

"Nimekosa, mwanangu," akasema.

Huko kwao mama haombi msamaha kwa mwanawe aliyemzaa, sembuse mbele ya mgeni. Mume wangu mwenyewe alishtuka, akaangalia pembeni. Mimi niliendelea kufuta mahali ambapo palikuwa pamekwisha kukauka.

Mzungu alijifuta shati kwa leso, akacheka, akasema nyumbani kwake mke wake naye aliwahi kulipua birika. Akaomba chai. Mwezi uliofuata mume wangu akaitwa Moshi. Hakuna aliyeuliza habari ya kahawa ile. Kwa hiyo hata kunyamaza kwangu hakukuokoa kitu, na hilo huniuma pengine kuliko mengine yote. Ningesema siku ile, ningechekwa jioni moja tu.

Mama mkwe aliondoka kesho yake ya siku ile ya mgeni, Jumapili asubuhi, mkono umefungwa kitambaa chenye samli. Nilimsindikiza mpaka njia inapoanza kupanda. Nilikuwa nimebeba maneno tangu nyumbani, na kila tulipopita mti nilisema moyoni, hapa ndipo nitakapoyasema. Tulipoagana alinipa kile kitita. "Vimebaki viwili," akasema. "Nilikuja na vitatu." Akapanda mlima na kibuyu chake mgongoni, nami nikarudi nyumbani.

Miaka ilipita, nikazaa, nikazaa tena. Kila alipompakata mjukuu kovu lile lilikuwa hapo, limekunjamana, linang'aa, na watoto wakilichezea anawaambia ni mahali alipoungua zamani. Safari moja nilipanda kwake peke yangu, nikiwa nimekata shauri. Alikuwa uani anafukiza kibuyu. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikaanza: "Mama, ile mashine ya Mtaliano."

"Ile niliiharibu mimi," akasema, hakuinua macho.

"Mama, unajua kwamba si wewe."

Akakung'uta unga mweusi, akanusa ndani ya kibuyu, akakiweka chini. "Mwanangu nilikwisha kumwambia kwamba ni mimi," akasema. "Sasa unataka anione mwongo, mimi niliyemzaa? Nenda kaangalie ugali usiungue."

Nikaenda kuangalia ugali. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo, nikashuka mlima ule nao. Sikumwambia mume wangu siku ile, na baada ya hapo nisingeweza kumwambia bila kumvunjia mama yake neno lake.

Mama mkwe alipofariki watu walijaa boma zima. Baada ya kuzika, walipokuwa wanakula, mume wangu akasimama amzungumzie mama yake, hakujua aanzie wapi. Basi akaanzia kwenye mashine. Akasimulia jinsi bibi huyu wa milimani, kwa mapenzi yake na kwa kutojua, alivyoifukiza mashine ya Mtaliano kama kibuyu cha maziwa, mpaka bwana shamba akaogeshwa kahawa. Alisimulia vizuri, alimpenda sana. Watu walicheka huku wanafuta machozi, hata wazee waliokaa kando na fimbo zao. Mmoja wao akasema masikini, hakujua.

Nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake, na wote walinigeukia, maana mimi nilikuwepo siku hiyo, niliona kwa macho. Nikacheka pamoja nao.