Mzimu wa Kichwa Chini

Natamani ningekataa mchana ule Bahati, mtoto wa baba mkubwa, aliponiambia niingie mnara wa taa nikaone mzimu. Mama alikuwa ameniachia Zawadi, dada yangu mdogo. Nilimketisha kwenye mawe ya ufukweni na gauni lake jeupe la misa, nikaingia. Bahati akaufunga mlango, akaukaba kwa mikono miwili, mgongo ukielekea ziwani.

Gizani mlinuka popo na samaki wa ndagala. Nje upepo na mawimbi vilimeza kila sauti. Kando ya mlango palikuwa na tundu dogo, na kwenye ukuta wa pili nikamwona: mtu mdogo mweupe, kichwa chini, akipunga mikono. Watu walisema mlinzi wa taa alianguka kichwa chini, na mzimu wake unatembea hivyohivyo.

“Weye, iko nini humo?” Bahati alipaza sauti. “Umeshajikojolea?”

“Hakuna kitu!” nilijibu, nikaliziba tundu kwa kidole.

Juzi mjukuu wangu alitoka shule na boksi lenye tundu. Nilichungulia ndani, na kwenye upande ulio mkabala na tundu nikauona mpapai wetu wa nje umesimama kichwa chini.

Hakuwa mzimu. Alikuwa Zawadi, majini, akiniita. Alizama mchana ule, tukamzika kesho yake. Ningesema nilichokiona, Bahati angegeuka; kiburi changu kilinigharimu dada yangu.